Chapuo Chini ya Msondo

Mwaka 1906, mjini München, Ujerumani, mwanafiziolojia Max Cremer alisaidiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji. Hakumpa upanga. Alimpa elektrodi, kile kipande cha chuma kinachopokea umeme wa mwili na kuupeleka kwenye waya, akamtaka aimeze hadi ifike kwenye umio, nyuma ya moyo. Koo la mtu wa kawaida lingeitapika papo hapo. La huyu lilishazoea chuma, likatulia, na Cremer akaupima umeme wa moyo kwa ukaribu ambao wenzake walikuwa hawajaufikia.

Makala aliyoichapisha kuhusu jaribio hilo ilikuwa na habari ya pili, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Cremer alimwekea mjamzito elektrodi moja juu ya tumbo na nyingine ukeni. Mstari uliopatikana ulikuwa na vilele virefu vya moyo wa mama, na katikati yake vijino vidogo vya haraka, visivyojali mwendo wa vile vilele. Moyo wa mtoto aliye tumboni ulikuwa umechorwa kwa umeme wake wenyewe kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo Cremer aligundua pia kwamba kioo chembamba kinachotenganisha vimiminika viwili huzaa umeme, na kutokana na hilo kikaja kipimo cha uchachu kinachotumika maabara zote duniani. Watu wengine wana miaka ya namna hiyo.

Aliyewahi kukaa ngomani Pwani hahitaji darasa refu kulielewa tatizo lililoanzia kwenye mchoro ule wa tumboni. Msondo, ngoma kubwa, ukinguruma, chapuo, ngoma ndogo, hakinyamazi. Mikono ya mpigaji unaiona, unajua kabisa kwamba sauti ipo, ila sikio limeshachukuliwa na msondo. Tumboni mambo ni hayohayo. Umeme wa moyo wa mtu mzima, ukipimwa kifuani, hukaribia milivolti moja. Umeme wa moyo wa kijusi ukifika kwenye ngozi ya tumbo la mama mara nyingi huwa mikrovolti kumi au makumi machache, yaani kama sehemu moja kwa mia ya ule. Juu yake kuna umeme wa misuli ya tumbo, umeme wa mfuko wa uzazi unapojikaza, mtikisiko wa pumzi, na umeme wa ukutani unaocheza mara 50 kwa sekunde. Wahandisi huvipa vyote hivyo jina moja, kelele, na moyo wa mama wameuweka humohumo. Nimesoma maandishi yao mengi, na neno hilo likielekezwa kwenye moyo wa mama bado hunikwaruza.

Kabla ya waya kulikuwa na sikio. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec aliona haya kulaza sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa wa kike, akakunja karatasi ikawa bomba, akasikilizia kwa bomba hilo. Stethoskopu ikazaliwa kwa sababu ya haya. Mwaka 1818 mpasuaji wa Geneva, François Mayor, alitoa taarifa kwamba ukitega sikio juu ya tumbo la mjamzito unaweza kuusikia moyo wa mtoto. Taarifa hiyo ilipita kama upepo. Miaka mitatu baadaye Mfaransa Jean-Alexandre Lejumeau de Kergaradec aliweka chombo cha Laennec juu ya tumbo akitafuta kitu kingine kabisa: alidhani atasikia maji ya uzazi yakichezeshwa na mtoto. Badala ya maji akasikia mgoto wa haraka kama wa saa ya mfukoni. Akahesabu, akapata zaidi ya 140 kwa dakika. Akashika mkono wa mama, akakuta mshipa unakwenda kama nusu ya hapo. Hesabu hizo mbili zikipishana namna ile, basi ndani ya mwili mmoja kuna mioyo miwili.

Tusimame hapo kwenye mkono wa mama. Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Adolphe Pinard, alitengeneza pembe fupi ya kusikilizia, na pembe hiyo ndiyo wakunga wa Afrika Mashariki wanayoiita fetoskopu: ya mbao, ya bati, siku hizi hata ya plastiki. Mtazame mkunga mzoefu akiwa kazini. Anapapasa tumbo mpaka aupate mgongo wa mtoto, anaweka pembe, anainamisha sikio, kisha anaiachia, kwa sababu hata vidole vikiigusa huleta mchakacho. Mkono uliobaki huru anaupeleka kwenye kifundo cha mkono wa mama na kuutafuta mshipa. Mgeni atadhani anambembeleza. Kumbe anahakikisha kwamba anachokisikia si moyo wa mama mwenyewe, maana mishipa mikubwa ya mama nayo huvuma mle ndani, na mama mwenye homa au hofu moyo wake huweza kukimbia hadi ukamdanganya msikilizaji. Fundisho hilo la vidole viwili juu ya mshipa litarudi tena na tena katika habari hii, likiwa limevaa nguo za hesabu.

Cremer alipopata mchoro wake alikuwa anatumia chombo cha Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi: uzi wa kwarzi mwembamba kuliko unywele, uliopakwa fedha na kutundikwa kati ya sumaku mbili kubwa. Umeme ukipita, uzi hucheza, na kivuli chake hupigwa picha. Mtambo mzima ulikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ulitaka watu watano kuuendesha, naye mgonjwa alikaa ametumbukiza mikono na mguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Einthoven alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Kwa moyo wa mtu mzima uzi ule ulikuwa muujiza. Kwa moyo wa kijusi ulikuwa mzito wa masikio.

Msaada ulitoka kwenye redio. Mwaka 1930 Wajapani wawili wa Kyoto, Maekawa na Toyoshima, walitumia amplifaya ya taa za vakyumu kuukuza umeme wa tumbo, na vijino vya mtoto vikaanza kuonekana bila kubahatisha sana. Ila kukuza si kutenganisha. Amplifaya haina upendeleo: ikiongeza chapuo mara elfu, na msondo unapanda mara elfu.

Halafu likatokea fumbo lililowasumbua watu kwa miaka mingi. Mimba ikifika wiki 20 hivi, mchoro unapatikana. Ukitarajia kwamba kadiri mtoto anavyokua ndivyo umeme wake utakavyoongezeka, unakosea: kuanzia wiki ya 28 hadi ya 32, na wakati mwingine kuipita, alama ya mtoto hufifia au hupotea kabisa, halafu hurudi karibu na kuzaliwa. Mtoto ni mzima, moyo unadunda, pembe ya Pinard inausikia vizuri. Umeme umekwenda wapi? Jibu lililokubalika ni ule utando mweupe wa mafuta unaofunika ngozi ya mtoto, ambao baadhi ya watu kwetu huutazama kwa jicho baya pale mtoto anapozaliwa nao, wakimnong'ona baba kwamba hakujizuia. Baba hana kosa. Utando huo ni koti la mtoto, unamkinga ngozi ndani ya maji, na kama mafuta mengine hauupitishi umeme vyema. Katika wiki zile anakuwa kama waya uliovikwa plastiki. Wiki zenyewe, bahati mbaya, ndizo daktari mwenye mjamzito wa presha angependa sana kumchungulia mtoto. Mwaka 1974 watafiti wa Finland waliizunguka kinga hiyo kwa kupima sumaku ya moyo wa kijusi badala ya umeme, kwa kuwa sumaku hupita kwenye mafuta bila shida. Mitambo yake ni ya bei ambayo hata hospitali kubwa huikimbia.

Waliochoka na kutenganisha waliamua kumfuata mtoto alipo. Edward Hon wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alikuwa ameshazoea nyaya na redio kabla ya kusomea udaktari, na katika miaka ya 1950 alihangaika na kurekodi kwa njia ya tumbo. Miaka ya 1960 ilipoanza, yeye na wenzake wakawa wanabana elektrodi kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto kupitia njia ya uzazi. Umeme ukaja safi, mkubwa, wa mtoto. Lakini kwa njia hiyo lazima chupa iwe imepasuka na njia iwe imefunguka. Kwa maneno mengine, mama awe tayari yumo leba. Miezi yote ya kungoja ikabaki gizani.

Na hata huko kichwani mama hakuondoka. Wakunga na madaktari walikuja kujifunza kwa uchungu kwamba mtoto akiwa ameshafia tumboni, mwili wake huupitisha umeme wa mama hadi kwenye elektrodi ya kichwani. Mashine, ikiona kimya, huongeza ukuzaji yenyewe mpaka ipate kitu cha kuhesabu. Karatasi inaendelea kutoka, mapigo yanasomeka, na mapigo hayo ni ya mama. Sijui kama kuna mashine nyingine inayoweza kusema uongo mzito kuliko huo huku kila waya wake ukifanya kazi barabara. Kinga yake ilikuwa ileile: shika mkono wa mama, hesabu, linganisha.

Wazo lililobadilisha mambo halikutoka hospitalini. Mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Stanford, mwalimu Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff walikuwa mbele ya ubao wakitafuta namna mashine inavyoweza kujirekebisha. Wakapata kanuni fupi ya kushangaza. Mashine inakisia, inatazama imekosea kwa kiasi gani, inasogeza vipimo vyake kidogo kuelekea upande unaopunguza kosa, inakisia tena. Ni kama fundi wa redio anayezungusha kitufe polepole mpaka mkwaruzo uishe, isipokuwa hapa vitufe ni vingi na vinajizungusha vyenyewe, maelfu ya mara. Hoff baadaye alikwenda Intel, akawa miongoni mwa waliobuni mikroprosesa ya kwanza ya kampuni hiyo mwaka 1971. Widrow alibaki na kanuni yao, akatafuta pa kuitumia.

Desemba 1975 yeye na wenzake walichapisha makala juu ya kufuta kelele kwa mashine inayojirekebisha, na mfano mmojawapo ulikuwa tumbo la mjamzito. Elektrodi moja iliwekwa tumboni, inakosikika mioyo yote miwili. Nne ziliwekwa kifuani, ambako moyo wa mama uko peke yake kwa kiasi kikubwa. Mashine ilipewa kazi ya kuyachukua mapigo ya kifuani na kuyageuza, kuyachelewesha, kuyapunguza hapa na kuyaongeza pale, mpaka yafanane kabisa na mapigo ya mama yanavyoonekana tumboni. Kisha ikatoa. Kile ilichoshindwa kukiigiza kutokana na kifua ndicho kilichobaki, nacho kilikuwa mtoto. Mapigo ya mama yaliyokuwa makubwa kuliko ya mtoto mara mbili hadi mara kumi yalifutika, na vijino vya Cremer vikasimama peke yake.

Ndiyo vidole viwili juu ya mshipa. Widrow hakulisema hivyo, nami sina hakika kama aliwahi kumwona mkunga akiinamia pembe, lakini hesabu yake ni ya mkunga: ukitaka kumsikia mtoto, anza kwa kumjua mama kwa ukamilifu. Kelele hii haifukuzwi kwa kuzibwa. Inabidi uisikilize kwa makini kuliko kile unachokitafuta.

Njia hiyo ilikuwa na udhaifu, na udhaifu wenyewe ni wa kimaumbile. Moyo ni msuli unaojipinda ndani ya kifua, na umeme wake huelekea pande tofauti kwa kila sehemu ya pigo. Kwa hiyo sura yake ikitazamwa kutoka kifuani si sura yake ikitazamwa kutoka chini ya kitovu, kama vile nyumba moja isivyofanana mbele na uani. Mama akigeuka kitandani, mahesabu yanayumba. Na ni nani anayetaka kubandikwa nyaya kifua kizima kwa sababu ya mtoto aliye tumboni?

Miaka ya 1980 katika chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, Joos Vandewalle na wanafunzi wake waliuliza swali kwa namna nyingine. Weka elektrodi kadhaa kwa pamoja. Kila moja inasikia mchanganyiko uleule kwa vipimo tofauti. Je, hesabu za matriki haziwezi kuufumua mchanganyiko huo zenyewe? Waligundua kwamba moyo wa mama, pamoja na ukubwa wake wote, hutosha kuelezwa kwa pande kama tatu tu, mfano wa mshale unaozunguka ndani ya chumba. Ukizipata pande hizo tatu na kuziweka kando, kinachosalia kinaanza kuonyesha mtoto.

Wakati huohuo, Grenoble, Ufaransa, Jeanny Hérault na Christian Jutten walikuwa wanashughulika na jambo ambalo halikuhusu uzazi hata kidogo. Mishipa ya fahamu inayotoka kwenye misuli hubeba habari ya mahali kiungo kilipo na ya kasi yake, zote zimechanganywa, na bado ubongo huzitenganisha. Vipi, hali hakuna aliyeuambia zilichanganywaje? Mwaka 1985 waliwasilisha jibu mjini Nice, na jibu lao lilikuja kuwa elimu nzima ya kutenganisha vyanzo kwa upofu. Siri yake ni kwamba vitu viwili visivyofuatana havifuatani hata kwa bahati mbaya kwa muda mrefu. Moyo wa mama haujui moyo wa mtoto uko kwenye pigo lipi. Basi geuzageuza mchanganyiko mpaka upate mikondo isiyotegemeana kabisa, na hapo utakuwa umekipata chapuo upande huu na msondo upande ule, bila kuwahi kukaa karibu na mpigaji yeyote. Mwaka 2000 Lieven De Lathauwer na wenzake wa Leuven walichapisha kazi ya kutenganisha moyo wa kijusi kwa njia hiyo, wakitumia elektrodi tano za tumboni na tatu za kifuani. Rekodi waliyoitumia ya mjamzito mmoja, ya sekunde chache tu, iliachwa wazi kwa kila mtu. Imepitishwa katika mamia ya makala tangu hapo. Huenda ndio moyo wa kijusi uliosikilizwa kuliko yote duniani, na mwenyewe, kama yu hai, ni mtu mzima asiyejua lolote.

Shida ya upofu ni kwamba hurudisha mikondo bila majina na bila vipimo. Unapata mtoto, lakini huambiwi yuko kwenye mkondo wa ngapi, wala urefu wa vijino vyake vya kweli. Kwa kuhesabu mapigo hilo halidhuru. Kwa daktari anayetaka kuliona umbo la pigo lenyewe, ajue kama moyo unakosa hewa, linadhuru sana.

Mwaka 2013 jumuiya ya kimataifa ya wanaotumia kompyuta katika elimu ya moyo iliandaa shindano, na mkutano wake ukafanyika Zaragoza, Hispania. Washindani walipewa rekodi za dakika moja moja, kila moja ikiwa na mikondo minne ya tumboni na hakuna wa kifuani: 75 za kujifunzia, na mamia mengine ya kupimwa. Hapo ndipo kichekesho cha fani hii kinapojitokeza. Ili ujue kama programu yako imempata mtoto bila kumgusa, unahitaji rekodi ya mtoto aliyeguswa, yenye elektrodi ya kichwani, na rekodi hizo ni chache. Za Katowice, Poland, zinazotegemewa na wengi, zilianza na wanawake watano waliokuwa katika uchungu. Tena baada ya shindano watafiti waligundua kwamba katika zile rekodi 75, saba zilikuwa na majibu ya mwalimu yasiyo sahihi. Mwanafunzi aliyejibu vizuri angeandikiwa amekosa.

Na je, kusikia zaidi kunaokoa? Swali hili wahandisi hawalipendi. Mwaka 1985 Dublin, Ireland, yalichapishwa matokeo ya wanawake karibu 13,000 waliogawanywa kwa kura: nusu wakafuatiliwa kwa mashine mfululizo, nusu kwa kusikilizwa kila baada ya muda. Kwenye kundi la mashine, watoto waliopata degedege walipungua kwa nusu, lakini idadi ya waliokufa haikutofautiana kwa maana, wala ya waliopooza ubongo miaka minne baadaye. Mwaka 2015 nchini Marekani mashine iliyochambua umbo la pigo la mtoto, kwa elektrodi ya kichwani, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 11,000. Haikuonyesha faida juu ya njia ya kawaida. Matokeo haya hayaivunji kazi ya Widrow wala ya Grenoble, kwa sababu kote kuwili mama alikuwa ameshafika leba, na ahadi kubwa ya elektrodi za tumboni ni ile miezi kabla ya leba, mama akiwa kwake, akiendelea na shughuli zake, akiwa na kibandiko kilichojificha chini ya kanga. Ahadi hiyo haijatimia bado. Zipo mashine za tumboni zinazouzwa, mojawapo ikiwa imetoka Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, na hutumika zaidi palepale leba.

Huku kwetu ilikuja mashine ya ukoo mwingine, ikiwa na jina tunalolijua. Kampuni ya Laerdal ya Norway iliita kifaa chake Moyo, kwa Kiswahili, na tafiti zake zikafanyika Tanzania, zikiwamo za Muhimbili jijini Dar es Salaam na za Haydom, kule Manyara. Hakitumii umeme wa mtoto. Kinatumia mawimbi ya sauti yasiyosikika, kitambuzi chake kinafungwa tumboni kwa mkanda, na kinaweza kukaa hapo saa nyingi mkunga akiwa kwa mama mwingine. Katika tafiti, kiliyagundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi kuliko pembe. Ila waliokibuni walikuwa wanaujua uongo wa zamani wa mashine hizi. Kwa hiyo juu ya kifaa wakaweka sehemu za chuma za kugusa. Mkunga akiwa na shaka, humwambia mama aweke vidole vya mikono yake pale na kutulia kidogo, na kifaa kinausoma umeme wa moyo wa mama, kiuweke kando ya namba ya mtoto.

Mkunga husoma namba zote mbili. Zikifanana, husogeza kitambuzi na kuanza kutafuta upya.